Mke Mwenzangu Alipokuwa Ubelgiji

Baba yangu alizaliwa Kabalo, kando ya mto, mahali ambapo reli inavuka maji. Mama yangu alizaliwa Kabongo, katika ukoo wa wakulima wa muhogo, na hakuwahi kuliona gari-moshi mpaka siku alipopandishwa ndani yake akiwa bibi arusi. Majina yao unayajua. La mama yangu ndilo unaloitwa wewe. Usiyaandike hapa, wala usiandike jina la mtu mwingine yeyote nitakayemtaja. Anayetuhusu atatutambua, na asiyetuhusu hayatamsaidia kitu.

Mimi nilizaliwa Kamina, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nikaletwa Lubumbashi nikiwa mchumba wa babu yako. Shuleni sikuingia. Kaka zangu walikwenda, nami nikabaki nyumbani kubeba wadogo. Kiswahili ninachokutamkia nilikipata kanisani, kwa kusikiliza masomo ya Misa mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu hiyo sitaki uyafupishe maneno yangu. Watu wengine waliomo katika habari hii walizungumza kama tunavyozungumza sote huku mtaani. Hao nao usiwasahihishe.

Ninataka kusimulia muhula uliokaa Ubelgiji. Wewe unaujua kwa upande wako. Upande wa nyumba hii umesimuliwa vipande vipande, kila mtu akikata pale panapomwaibisha, na sasa ninataka uuandike mzima, kwa mkono wako, hata pale utakapoona mkono unakuwa mzito.

Ulikuwa mwaka wa tatu chuoni kule Kasapa, ukisoma elimu ya mawe na madini. Chuo cha huku na chuo cha kule vilikuwa vimepatana kubadilishana wanafunzi: wa kwao waje kwetu muhula mmoja, wa kwetu waende kwao. Mwanangu mkubwa, yaani baba yako, alipoleta habari kwamba umechaguliwa, alisimama katikati ya sebule kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Babu yako alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Na ye banatuletea nani pa fasi yake?”

“Kijana moya, baba. Mubelgiji.”

“Anajua kupika?”

“Sijui, baba.”

“Basi banatupunja. Banakamata muke wangu, banatupa kijana ya kukula bukari yetu.”

Bukari ni ugali, hilo ni jepesi, lakini hapa sina budi kueleza jambo moja, kwa ajili ya watakaosoma bila kuwa watu wetu. Kwetu sisi babu humwita mjukuu wake wa kike mke, na mjukuu humwita babu bwana yangu. Kwa hiyo bibi na mjukuu ni wake wenza. Mgeni anaweza kudhani ni mchezo wa kuchekesha watoto. Kuchekesha kumo, lakini si mchezo tu. Baba na binti yake wana heshima kati yao, nayo heshima hiyo ni kama ukuta: kuna maneno hayapiti. Baba mdogo ni baba pia, na ukuta wake ni uleule. Babu peke yake ndiye asiye na ukuta. Ndiyo maana mambo uliyoshindwa kumwambia baba yako uliyapeleka kwa babu yako, na alikuita mke tangu siku ulipoletwa kutoka hospitali ukiwa umefungwa katika kitambaa changu. Mtu mwingine wa kiume katika nyumba hii hawezi kukuita hivyo. Hilo si katazo lililotangazwa na mtu. Kila mmoja analijua mwilini mwake.

Uliondoka wakati wa mvua kubwa. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili ulipiga simu, nayo simu iliwekwa juu ya meza, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie.

“Bwana yangu, uko muzima?”

“Niko. Ila tangu uliendaka, huyu muke mukubwa ananipa bukari kidogo.”

“Umufukuze!”

“Ataenda wapi? Ameshakuwa muzee, hakuna mwenye atamukamata.”

Mimi sikuwa mtu wa kucheka ndani ya simu. Nilikuuliza kama unavaa nguo nzito na kama unakwenda kanisani, nawe ulijibu la kwanza kwa maneno mengi na la pili kwa maneno machache. Jumapili moja ulitusimulia kwamba katika chuo kile kuna mawe ya kwetu yaliyotiwa ndani ya vioo, kila jiwe na jina la mahali lilipotoka, na kwamba ulisimama mbele ya jiwe la kijani lililotoka Kipushi ukahisi umekutana na jirani. Nyumbani hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa habari ya furaha. Babu yako akasema:

“Uyasalimie. Uyaambie tunayangoja.”

Hiyo ndiyo Jumapili ya mwisho mliyozungumza.

Alikufa katika wiki iliyofuata, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Sitairefusha habari hii, kwa kuwa yenyewe haikuwa ndefu. Aliamka, akanawa uso, akaomba chai, akakaa kwenye kiti chake barazani. Nilipotoka na kikombe, kiti kilikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa, nami nilijua kabla ya kumgusa. Niliweka kikombe chini kwanza, kwa uangalifu, ili kisimwagike. Sijui kwa nini nilijali chai.

Kilio kikawekwa hapa nyumbani: turubai uani, viti vya kukodi, moto wa kuni, watu wa kanisa, watu wa ukoo kutoka kila upande. Mimi nilikalishwa kwenye mkeka katika chumba cha ndani, nikanyolewa kichwa. Kwa desturi ya ukoo wa babu yako, mjane hasemi mbele ya watu mpaka siku ya kutosha kilio, yaani kukiondoa, siku ile anapooshwa na kuvuliwa nguo nyeusi. Hapokei simu, hasalimii kwa mkono. Akiwa na neno, humnong'oneza wifi yake, na wifi ndiye hulisema. Wifi yangu, dada mkubwa wa babu yako, alikaa mlangoni pangu kama askari.

Jioni kabla ya mazishi, wanangu na wanaume wengine wa ukoo walikutana nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba nilimokuwa. Nilisikia kila neno. Baba yako ndiye aliyesema usiambiwe.

Alikuwa na sababu zake, nami sizidharau. Alisema visa yako ni ya kuingia mara moja tu: ukitoka Ubelgiji kuja kuzika, mlango umefungwa, na muhula umekwenda bure. Alisema pia jambo la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mtu aliye peke yake. Haipelekwi kwa simu. Watu huenda alipo, wanamkalisha, wanahakikisha amekula, kwa sababu baada ya hapo hatakula. Mmoja anakaa nyuma yake ili akianguka aangukie mwilini mwa mtu. Ndipo mkubwa anasema.

“Kule iko peke yake mu chumba,” baba yako alisema. “Nani atamukamata? Ma wanafunzi benzake Babelgiji? Atarudia mwezi wa saba. Tutamwambia hapa, mu mikono yetu.”

Hakuna aliyempinga. Vijana wote wa nyumba na wa jirani walikatazwa kuweka picha ya marehemu katika simu zao, na waliokuwa wamekwisha kuiweka wakasimamiwa mpaka wakaiondoa. Mimi sikuulizwa. Lakini uandike pia kwamba hata kama ningeulizwa siku ile, sijui ningejibu nini, kwa kuwa swali lake nililiona la haki: nani angekukamata?

Jumapili ikafika, na simu ikalia. Watu wa kilio waliambiwa wanyamaze uani. Mwanangu mdogo, ambaye kwako ni baba mdogo, ndiye aliyejibu.

“Bwana yangu iko wapi?”

“Iko ku mashamba, barabara ya Kipushi. Analinda mahindi. Rezo ya simu haikamate kule.”

“Na kaku mwanamuke?” Yaani mimi, bibi yako.

“Iko ku kanisa.”

“Mupaka saa hii? Kanisa gani ile?”

Jumapili ya pili, mashamba tena. Jumapili ya tatu ulisema, na sauti yako ilikuwa ya utani, lakini mimi niliyekulea nilisikia ndani yake kitu kilichosimama wima:

“Baba mudogo, mahindi gani ile haiishake? Ama bwana yangu ameoa mwingine kule ku mashamba? Mumwambie nitakuya na fimbo.”

Wakacheka wote waliokuwa sebuleni. Kilikuwa kicheko kibaya. Mimi nyuma ya pazia nilitazama mikono yangu na kufikiri kwamba watu wazima wenye akili, wanaokwenda Misa, wamekuwa wachezaji wa tamthilia mbele ya simu. Hata hivyo nilijiambia bado wiki chache tu.

Jumapili iliyofuata ulikataa kukata simu. Ulisema una kadi mpya, ina dakika za kutosha, na utangoja hapohapo mpaka mtu amwite bwana yako, hata kama atatoka shambani kwa miguu. Baba yako hakuwapo. Mwanangu mdogo akaona hana njia. Sauti yake ni ya babu yako. Tangu alipobalehe watu waliobisha hodi langoni walimjibu kama wanamjibu baba yake. Aliondoka na simu sebuleni, akaja kusimama katika ushoroba, kando ya pazia langu, akakohoa na kuanza kusema polepole kama mzee.

“Aló… Niko hapa. Kifua kinaniuma kidogo.”

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Niliposikia sauti ile, mwili wangu uliinuka wenyewe. Niliinuka kwenda kumjibu mume wangu. Nilikuwa nimekwisha kushika ukingo wa kitanda nilipokumbuka kwamba kichwa changu kimenyolewa, na kwa nini kimenyolewa. Nikakaa tena. Wifi yangu mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

“Bwana yangu!” ulisema. “Ju ya nini ulinitupa vile?”

“Kazi mingi.”

“Basi niite.”

“Nini?”

“Niite vile unaniitaka. Nitasikia, alafu nitakata simu.”

Neno mwanangu alilijua. Hata watoto wa jirani walilijua. Lilikuwa neno fupi, na kama angelitamka wakati ule, mambo yangekwenda kama walivyopanga mpaka mwezi wa saba. Lakini wewe ni binti wa ndugu yake, yaani binti yake, na mwanamume anayemwita binti yake mke, hata kwa kuigiza, hata kwa nia njema, hatajua tena amtazame vipi. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Akakohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na ugonjwa ndani yake.

“Rezo… rezo inakatika,” alisema.

Nawe ukajibu kwa upole, taratibu:

“Haizuru, baba. Mubakie muzuri.”

Simu ikakatika. Mwanangu akajifuta uso, akarudi sebuleni. Nilimsikia akiwaambia: “Amekubali.”

Hakuwa amesikia ulivyomwita. Mimi nilisikia. Uliomba kuzungumza na bwana yako, ukaagana na baba.

Niliona kwamba hesabu ya wanangu ilikuwa imeharibika kabisa. Walitaka usiwe peke yako na habari ya kifo, na sasa ulikuwa peke yako nayo, na mbaya zaidi, bila mtu wa kukuambia kwamba ni kweli. Nilimnong'oneza wifi yangu.

“Leta simu.”

“Mujane hashikake simu.”

“Najua.”

“Kama unajua, ju ya nini unaomba?”

“Ju ya ule mutoto.”

“Utalipa kuku mweupe. Na mi njo nitamukula, miye peke yangu.”

“Umukule na mifupa.”

“Tangu ulikuya mu hii famille kichwa yako iko nguvu.”

“Kaka yako aliipenda ivi ivi.”

Alinigeuzia kisogo. Nilidhani amekasirika, mpaka nilipoona kwa mabega yake kwamba analia. Akasema, bila kunitazama, kwamba hata tukiwa na simu hatutatenda kama wanangu walivyotenda. Hatutakutupia neno lile kama mtu anavyotupa maji ya kuoshea vyombo. Lazima apatikane mtu. Kisha akakumbuka: jirani yetu anayeuza makaa ana mdogo wake wa kike aliyeolewa Ubelgiji zamani, mwenye watoto wakubwa kule. Yeye mwenyewe akavaa viatu, akavuka barabara.

Mama yule alipopigiwa simu hakutufahamu, wala sisi hatukumfahamu. Wifi alimweleza: kuna mtoto wetu, mji fulani, chumba fulani; amefiwa na babu yake; hajui, au anajua peke yake. Tunaomba uende. Usiseme kitu. Umpikie bukari, uhakikishe amekula, ukae nyuma yake, ndipo utupigie. Sisi ndio tutakaosema.

“Nimesikia, mama,” alijibu. “Unga niko nayo. Nitaenda Jumamosi na treni.”

Hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameishi kule miaka mingi kuliko uliyo nayo wewe duniani, na bado hakuhitaji maelezo.

Jumamosi ile nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi. Ilipolia niliipokea mwenyewe, kwa kinywa changu, na wifi akafunga mlango ili wanaume wasisikie.

“Kaku,” ulisema. “Huku kumefika mama moja, simujue. Amepika bukari na samaki. Amenikatalia kuuliza kitu mupaka nikule.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Mama huyo amekaa wapi?”

“Nyuma yangu.”

“Vema. Mke mwenzangu, tumefiwa. Mume wetu ametutoka.”

Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga siku zote zile. Ningeweza kusema babu yako amefariki, na hilo lingekuwa kweli. Lakini mjukuu huletewa habari, huhurumiwa, hupewa maji. Mke ana mahali pake pa kukaa katika kilio, na hakuna awezaye kumwambia angoje mpaka mwezi wa saba. Nilitaka ujue kwamba mahali pako palikuwapo tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

Ulilia. Nilimsikia mama yule akisema pole, pole, mwanangu, lia. Nami, ambaye tangu mazishi sauti ilikuwa imenikauka, nikalia pamoja nawe ndani ya simu. Wifi yangu hakuweza kujizuia; alifungua mlango akatoka uani akipiga yowe, mikono kichwani. Majirani wakaja mbio, wengine na sabuni mikononi.

“Nani tena? Nani amekufa?”

“Ni ule ule!” wifi aliwajibu katikati ya machozi. “Ni ule ule! Mulie tu!”

Wakalia. Hawakuelewa, lakini walilia vizuri.

Ulipopata pumzi ulisema: “Nilijua, Kaku. Siku ile baba mudogo alikosa kuniita.”

“Ju ya nini haukusema?”

“Nilikuwa nangoja munitumie muntu.”

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Siku zote zile ulikwenda darasani, ukapima mawe, ukaandika ulichoambiwa uandike, ukarudi chumbani, ukangoja hodi. Hukutuuliza, kwa kuwa kuuliza kungetulazimisha kukujibu kwa simu, nawe ulijua kwamba kwetu haisemwi hivyo. Wanangu walikuwa wakiilinda desturi kwa uongo. Wewe uliilinda kwa kukaa kimya. Na katikati ya ulinzi wote huo mtoto alikuwa akila peke yake. Sisemi desturi ilikosea. Ninasema desturi ilikuwa na miguu tangu zamani, ilizoea kwenda mahali mtu alipo, nasi tukaifanya ikae nyumbani ikingoja ndege.

Kabla ya kukata simu uliniuliza:

“Nirudi?”

Nilikuwa nikiliogopa swali hilo kuliko yote. Kama ningesema rudi, ungerudi kesho yake, na maneno ya baba yako yangetimia. Kama ningesema baki, ningekuwa nimekufukuza kwenye kilio mara ya pili.

“Maiti imezikwa,” nilikuambia. “Kaburini hakuna anayekungoja. Anayekungoja ni mimi, nami nina uwezo wa kungoja. Hilo ulifikirie, halafu uamue mwenyewe.”

Baba yako alipopata habari jioni alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu, asiingie.

“Mama, umemuharibia masomo.”

Nilikuwa nimekwisha kusema vya kutosha kwa mjane. Wifi ndiye aliyemjibu: “Na weye ulimutengenezea nini?” Akaondoka. Siku kadhaa hakupita mbele ya pazia langu, na siku hizo zote hatukujua utaamua nini.

Uliamua kubaki. Mama yule alilala kwako usiku ule, na siku iliyofuata wanafunzi wenzako walipofika wakawakuta mmekaa sakafuni. Ulinisimulia baadaye kwamba waliuliza wafanye nini, ukawaambia wakae tu. Nao wakakaa, miguu mirefu imekunjwa vibaya, hawajui kama wanaruhusiwa kuzungumza. Mmoja alileta keki. Nilipenda kusikia habari ya hiyo keki. Ni watu waliotaka kufanya jambo sahihi wakafanya walilolijua.

Siku ya kutosha kilio ilipokaribia, wazee wa ukoo walikuja kupanga. Nilimnong'oneza wifi, naye akawatangazia kwamba kilio hakitoshwi. Wajane ni wawili, na mmoja hajafika. Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alisema huo ni utani wa watoto, hauwezi kufunga ukoo mzima. Wifi alimwuliza, siku mzee mwenyewe alipofiwa na nyanya yake, aliyekuwa akimwita bwana, alikaa upande gani wa kilio. Mzee akaketi, maana siku ile alikaa mbele, mahali pa mume.

Basi nikabaki na nguo nyeusi. Mvua zilikatika, baridi ya ukame ikaingia, vumbi jekundu likarudi juu ya majani. Watu wengi waliacha kuja, wifi hakuacha. Alimla yule kuku, alivyoahidi, mbele yangu.

Ulishuka uwanja wa ndege wa Luano mwezi wa saba. Sikwenda kukupokea, nilikuwa mkekani. Nilisikia gari, nikasikia lango. Ukavua viatu mlangoni, ukapita katikati ya watu bila kumsalimia hata mmoja, kama inavyotakiwa, ukaja kukaa kando yangu. Hukulia kwa sauti. Wengine walinong'ona kwamba Ulaya imekukausha. Waache. Mimi nilikuwa nimekusikia ukilia Jumamosi ile, na mtu hadaiwi kilio mara mbili.

Baba yako mdogo alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, hana macho ya kukutazama. Wewe ndiwe uliyemfuata. Nilikusikia kupitia dirisha lilelile walilopangia mambo yao.

“Baba mudogo, ulifanya muzuri kukosa kuniita.”

“Nilifanya mubaya, mwanangu.”

“Hapana. Kama ungeniita vile, njo ningekosa bwana na baba pamoja.”

Kesho yake tulioshwa wote wawili kwa maji ya beseni moja, tukapakwa mafuta, tukavikwa vitambaa vya rangi moja. Kilio kikatoshwa.

Sasa unaniambia kwamba umeitwa tena kule, na safari hii si kwa muhula bali kwa miaka. Nimekubali. Ndiyo maana nimekuketisha hapa uandike, kwa kuwa umri wangu unaujua, na sitaki wajukuu wengine waje kubuni upya makosa tuliyokwisha kuyafanya.

Utunze haya. Tunza urafiki na mama yule wa Ubelgiji. Umtembelee bila sababu, ili siku ya sababu asiwe mgeni. Tunza hilo neno mke mwenzangu, umpe binti yako alitumie na mama yako. Nimekwisha kuwaambia wanangu mbele ya wifi: nikifa ukiwa mbali, mtu atatumwa kwako kabla sijazikwa. Usije mbio. Usiulize kitu kwa simu, wala usiwaonee hasira kwa kuchelewa kidogo. Watakuwa wakimtafuta wa kukaa nyuma yako. Ule atakachokupikia. Kilio changu kitakungoja, hata kama ni mwaka.

Vikombe, viti na picha za ukutani gawaneni mtakavyo. Sikukuita kwa ajili ya hivyo.